Bucharest au Bungoma: utafiti upi ukuongoze unapoamua mtoto alelewe wapi

Ubishi huu huzuka kila mahali watoto wanapojadiliwa: kwenye kikao cha ukoo baada ya kuanua matanga, kwenye kamati ya ulinzi wa mtoto ya kata, kwenye kundi la WhatsApp la waumini wanaotaka kuchangia. Mtoto aliyefiwa na wazazi, au aliyetelekezwa, apelekwe makao ya watoto au akae kwa shangazi yake? Zamani watu walibishana kwa huruma na uzoefu. Sasa kila upande una utafiti mkononi. Anayeyapinga makao hutaja Romania, ambako watoto waliokulia kwenye taasisi walirudi nyuma kiakili. Anayeyatetea hutaja utafiti wa nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo, uliokuta kwamba watoto wa makao hawakuwa na hali mbaya kuliko yatima wenzao waliobaki kwenye kaya. Wote wawili wanasema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja huchukua jibu la swali moja akalibandika kwenye swali jingine, na anayebeba gharama ni mtoto.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayelazimika kuamua: ndugu, afisa ustawi wa jamii, mjumbe wa kamati, au mwenye fedha anayetaka zimfae mtoto kweli. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Tafiti hizi mbili hazipingani. Zinazungumzia watoto wa umri tofauti, familia za aina tofauti na taasisi za aina tofauti, na ukishazitenga hivyo, uamuzi unakuwa mwepesi zaidi.

Bucharest: watoto wadogo waliogawanywa kwa kura

Mwaka 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu nchini Romania ilipiga marufuku utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke. Familia maskini zikapata watoto kuliko uwezo wao, na dola ikajenga taasisi za kuwapokea. Utawala ule ulipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta zaidi ya watoto 100,000 ndani ya taasisi hizo.

Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Charles Zeanah na Nathan Fox walianzisha mradi mjini Bucharest, mji mkuu wa Romania. Walichukua watoto 136, wa umri wa miezi 6 hadi 31, kutoka taasisi sita, kisha wakapiga kura ya bahati nasibu. Watoto 68 walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, yaani familia zisizo zao zilizokubali kuwalea, na 68 wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Wakaongezwa watoto 72 wa mjini humo waliokuwa wakiishi na wazazi wao tangu kuzaliwa, ili pawe na kipimo cha kulinganishia. Aliyepangiwa kubaki hakufungiwa humo. Nafasi ya kwenda kwenye familia ikipatikana, aliondoka, na wengi waliondoka hivyo miaka iliyofuata. Aliyekwishapelekwa kwenye familia ya mradi hakurudishwa taasisini kwa sababu ya utafiti.

Kura ndiyo nguvu ya utafiti huu. Kwa kawaida mtu anaweza kudai kwamba watoto wanaobaki taasisini ni wale waliozaliwa dhaifu, na wanaochukuliwa ni wale wenye afya. Hapa dai hilo halina nafasi.

Matokeo ya kipimo cha akili, ambacho wastani wake ni 100, yalichapishwa mwaka 2007. Kwenye umri wa miezi 54, watoto waliopangiwa kubaki taasisini walipata wastani wa 73, waliopelekwa kwenye familia za kambo 81, na waliokua na wazazi wao 109. Familia iliwainua watoto, lakini haikurudisha kila kilichopotea. Na waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi walipanda zaidi kuliko waliochelewa. Mawimbi ya umeme wa ubongo yalionyesha jambo hilohilo: umri wa kuhamishwa ulikuwa na uzito.

Kuna jaribio moja la mradi huu ambalo ningependa kila mchangiaji alijue. Mtoto yuko na mlezi wake, mlango unabishwa hodi, anaingia mtu asiyemjua na kumwambia, njoo twende nikuonyeshe kitu. Watoto waliolelewa na wazazi wao karibu wote walikataa. Watoto wa taasisi wengi walimfuata mgeni. Fikiria basi siku ya kukabidhi misaada kwenye makao yoyote unayoyajua. Unashuka kwenye gari, watoto wa miaka mitatu au minne wanakukimbilia, wanakushika miguu, wanataka kubebwa. Wageni husema watoto hawa wana upendo. Mtafiti angejiuliza kama watoto hawa wana mtu mmoja aliye wao.

Nchi tano: yatima wa umri wa shule

Kati ya mwaka 2006 na 2008, kundi lililoongozwa na Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke liliwapima watoto yatima na waliotelekezwa wa umri wa miaka 6 hadi 12 katika nchi tano: Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania. Kwa Kenya walikwenda Bungoma, kwa Tanzania mkoa wa Kilimanjaro. Watoto 1,357 walikuwa wakiishi kwenye taasisi na 1,480 kwenye kaya. Walipimwa urefu na uzito, afya, kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na hali ya kihisia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 na kuwashtua wengi. Watoto wa taasisi hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao wa kwenye kaya, na kwenye vipimo kadhaa walikuwa na nafuu. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka mitatu, na picha haikubadilika sana. Kulikuwa na taasisi nzuri na mbovu, kaya nzuri na mbovu, na tofauti ndani ya kila kundi ilikuwa kubwa kuliko tofauti baina ya makundi mawili.

Kwenye ukatili, utafiti huo ulikuta jambo ambalo vikao vya ukoo havipendi kulisikia. Takribani nusu ya yatima wale walikuwa wamepigwa au kudhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 13, wa taasisi na wa kwenye kaya kwa pamoja. Na katika miaka ya ufuatiliaji, matukio mapya yalikuwa mengi zaidi upande wa kaya.

Wapi hasa zinatofautiana

Umri ndio wa kwanza. Bucharest iliwagusa wachanga na watoto wanaojifunza kutembea. Utafiti wa nchi tano haukuwa na mtoto hata mmoja aliye chini ya miaka sita alipoandikishwa. Kwa hiyo anayetumia matokeo ya Bungoma na Kilimanjaro kutetea chumba cha watoto wachanga anatumia utafiti ambao haukuwatazama wachanga. Na anayetumia Bucharest kudai kwamba msichana wa miaka 13 ataharibika akili akilala bwenini na wenzake, naye amevuka mpaka.

Familia ni jambo la pili, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanapotea. Familia za kambo za Bucharest hazikuwa familia za kawaida zilizoachiwa mtoto zikaambiwa Mungu atawasaidia. Zilichaguliwa, zikalipwa posho kila mwezi, zikatembelewa na maafisa ustawi, na mtoto akiugua daktari wa mradi alikuwepo. Sasa mlinganishe na bibi wa Kilimanjaro au shangazi wa Bungoma aliyepokea watoto watatu wa marehemu dada yake juu ya wanne wake, shamba ni lilelile na hakuna anayempigia hodi kumuuliza anaendeleaje. Zote mbili tunaziita familia. Lakini ya kwanza ilikuwa huduma kamili ya ustawi wa jamii inayopitia kwenye nyumba ya mtu, na ya pili ni mwanamke mmoja na moyo wake.

Taasisi nazo vilevile. Za Bucharest zilikuwa za dola: vitanda vya watoto kwa safu, walezi wa zamu, mlezi mmoja akiwa na watoto kumi na kitu, saa ya kula moja na saa ya choo moja kwa wote. Kwenye utafiti wa nchi tano, taasisi ilihesabiwa kuwa mahali popote panapoishi yatima watano au zaidi kutoka familia mbili au zaidi, wasio na undugu wa damu na walezi wao. Kwa tafsiri hiyo, mama wa kijijini aliyewachukua yatima sita wa majirani nyumbani kwake naye anaingia kwenye safu ya taasisi. Kumweka mama huyo safu moja na ukumbi wa Bucharest, halafu ukatangaza kwamba taasisi zinafaa au hazifai, ni kufanya neno moja libebe vitu viwili.

Kisha kuna namna ya kupima. Bucharest ilikuwa na kura. Nchi tano hazikuwa nayo. Watoto walikutwa tayari wako walipo, na hatuwezi kujua kwa hakika kilichowafikisha pale kiliathiri vipi vipimo. Tena sehemu ya hali ya kihisia ilitegemea mlezi kujibu dodoso lenye vipengele 25: mtoto huyu hulalamika mara kwa mara kuumwa kichwa au tumbo, ana rafiki wa kweli angalau mmoja, na kadhalika. Unajibu si kweli, ni kweli kiasi, au ni kweli kabisa. Mpe bibi anayelala chumba kimoja na mtoto dodoso hilo, atajua kwamba huamka usiku akilia. Mpe mlezi wa zamu mwenye watoto 20, atajibu kuhusu mtoto anayemwona mchana. Hilo halifuti matokeo, kwa sababu urefu, uzito na vipimo vya kumbukumbu havikutegemea maneno ya mlezi. Ila ningeyapa majibu ya kihisia uzito mdogo kidogo.

Eldoret unaongeza upande wa tatu

Ukiniuliza utafiti upi ungemfaa zaidi afisa wa Afrika Mashariki, nitakupeleka Uasin Gishu, kaunti ya Kenya ulipo mji wa Eldoret, kabla ya Bucharest. Kuanzia mwaka 2010 kundi la Paula Braitstein, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, liliwafuatilia kwa miaka mingi watoto yatima na waliotengana na wazazi. Walichagua kaya 300 kwa bahati nasibu, wakaongeza makao ya watoto ya kaunti ile, na wakafanya jambo ambalo wengi hulikwepa: wakawaingiza watoto wa mitaani.

Hapo sura ya ubishi ilibadilika. Baina ya makao na kaya za ndugu, tofauti ya maambukizi ya VVU na vifo haikuwa ya kutisha. Waliokuwa hatarini kupita wote ni watoto wa mtaani. Kwa mahitaji ya kimwili, yaani chakula, mavazi na pa kulala, makao yaliyashinda majumba mengi ya ndugu. Hata kwa afya ya akili, watoto wa makao walionyesha nafuu kuliko waliobaki kwenye kaya zilizoelemewa.

Kwa hiyo mkoa au kaunti ikifunga makao kwa amri, na watoto wakarudishwa kwenye kaya ambazo hakuna aliyezikagua wala kuzipa chochote, tusijidanganye kwamba wote watabaki kwenye kaya hizo. Baadhi watatokea stendi ya mabasi. Naunga mkono safari ya kuwarudisha watoto kwenye familia, ambayo Kenya imeiwekea mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032. Lakini nauliza kila mara fedha za kaya ziko wapi.

Mfano wa fedha hizo upo. Kenya ilianza mwaka 2004 kuzipa kaya zinazolea yatima ruzuku, ambayo baadaye ilifikia shilingi 2,000 kwa mwezi. Tathmini zilizofanywa kwa kulinganisha maeneo yaliyopata na yaliyosubiri zilikuta kwamba vijana wa kaya zilizopata walichelewa zaidi kuanza ngono, na vijana wa kiume walikuwa na dalili chache za sonona. Fedha zile zilikwenda kwa mlezi, na kijana akaondokewa na mzigo wa kutafuta. Rwanda nayo ilipokuta watoto na vijana 3,323 kwenye taasisi 33, katika uhesabu wa mwaka 2012, haikuishia kufunga milango. Kupitia mpango wa Tubarerere Mu Muryango iliajiri maafisa ustawi na wanasaikolojia wa kuziandaa familia, na ikaandaa walezi wa kujitolea wanaoitwa Malaika Murinzi. Nchi hiyo ilifuata njia ya Bucharest na gharama zake.

Sasa umwamulie mtoto uliye naye

Kama mtoto ana chini ya miaka mitatu, fuata Bucharest, na fanya haraka. Hapa sioni haja ya kupima pande mbili. Ndugu aliye tayari, mlezi wa kambo chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kuasiliwa, au kafaala kwa familia za Kiislamu, ambayo Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua na ambamo mtoto hulelewa huku akibaki na nasaba yake: lolote kati ya hayo ni bora kuliko safu ya vitanda, hata kama vitanda ni vipya na sakafu inang'aa. Romania yenyewe ilitunga sheria mwaka 2004 ya kutowapeleka taasisini watoto wa chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Ubaguzi huo naupinga, kwa sababu mtoto mwenye ulemavu anahitaji mtu wake mmoja kuliko wengine wote, na kwetu ndiye anayesahaulika kituoni muda mrefu zaidi. Makao yakilazimika kumpokea mchanga kwa dharura, hesabu siku zake.

Kama ana miaka sita na kuendelea, acha kuuliza familia au makao, uliza nyumba ipi. Nenda ukaione. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yana kipimo kidogo ninachokipenda: je, mtoto ana jozi ya viatu, nguo za kubadilisha na blanketi lake mwenyewe? Kwenye kaya ya ndugu linganisha na watoto wa mwenye nyumba. Wao wana viatu, yatima ana kandambili? Wao wako darasani saa tatu asubuhi, yeye yuko kisimani? Hapo umepata jibu bila dodoso. Kwenye makao uliza mlezi aliyelala na watoto jana ni nani, na mwaka jana alikuwa nani. Uliza pia adhabu inayotolewa mtoto akikojoa kitandani. Utafiti wa Katharin Hermenau na Tobias Hecker hapa Tanzania uliwalinganisha watoto 35 walioingia makao wakiwa wadogo mno na 35 walioingia wakubwa. Walioingia mapema ndio waliosimulia ukatili mwingi zaidi wa ndani ya makao na kuwa na matatizo zaidi ya afya ya akili. Watafiti haohao walionyesha pia kwamba walezi wakifundishwa kulea bila fimbo, ukatili hupungua. Kwa hiyo makao yanayokataa kuzungumzia fimbo yasipewe mtoto wala shilingi.

Kama mtoto amedhuriwa nyumbani, neno ndugu lisikutishe. Matokeo ya nchi tano yapo kwa ajili ya siku hiyo. Mtoe kwanza. Makao yenye usimamizi mzuri, kwa muda unaojulikana, ni mahali halali pa kumficha mtoto dhidi ya anayemdhuru, huku afisa akitafuta upande mwingine wa ukoo. Mara nyingi hutafutwa upande wa baba tu, na mama mdogo aliyeko mji mwingine hapigiwi hata simu.

Kama ni ndugu wa tumbo moja, pinga kuwagawa. Ukoo hupenda kugawana: mkubwa aende mjini akasaidie dukani, wa kati kwa baba mkubwa, mdogo kituoni. Kaya moja inayoongezewa fedha iwachukue wote ni chaguo bora kuliko kaya tatu zinazowapokea kwa shingo upande.

Na mwenye fedha? Makao mengi ya kwetu yana watoto ambao mzazi mmoja yuko hai, aliyeshindwa karo, kodi au dawa. Kabla ya kujenga bweni, omba makao yakuonyeshe ni watoto wangapi wana mzazi au bibi anayejulikana, kisha uliza ingegharimu nini kila mmoja arudi kwa huyo mtu na asilale njaa. Jibu likikosekana, makao hayana mpango wa watoto kuondoka, na bweni lako litajaa.

Jambo la mwisho linatoka Bucharest tena. Watoto wale walipofika miaka 12, waliobaki na familia yao ya kwanza ya kambo walikuwa na hali bora kuliko waliohamishwahamishwa. Hivyo kabla mtoto hajahama, mwombe afisa ustawi akae na mlezi anayempokea, wakubaliane kiasi cha msaada na utatoka kwa nani, nani atakuja kumwona mtoto na lini, na tarehe ya mapitio ya kwanza. Hayo yote yaandikwe kwenye jalada la mtoto, na mlezi abaki na nakala yake.